Krimu Niliyosema Nimeitupa Chooni

Cheka tu, msomaji, mimi nimeshachoka kukasirika. Mwasho ulinishika kwenye kinena tangu mvua zianze, maana nashinda na kanga mbichi nikipalilia kabichi huku milimani. Nikapaka mizizi, nikajiosha kwa maji ya chumvi, wapi! Ndipo nikaikumbuka krimu ya kujichubua ya Perpetua, mke wa mwanangu. Nilimnyang'anya mwenyewe, nikamsema mbele ya akina mama wa jumuiya, nikatangaza kwamba nimeitupa chooni. Sikuitupa. Ilikuwa uvunguni kwangu, na kopo lake limeandikwa inaondoa upele.

Nikapaka kwa siri. Mwasho ukatulia, nikajiona daktari. Baadaye ukarudi na hasira zake, ukatambaa hadi mapajani, nikawa natembea kama bata. Perpetua akanishusha zahanati ya mjini, akakaa nje ya pazia.

"Bibi, hizi ni fangasi," nesi akasema. "Umepaka nini?"

"Sijapaka kitu. Mimi si mtu wa mikrimu."

"Bibi! Usoni mweusi, huku peupe kama muhogo uliomenywa? Huo mkorogo ndio unaozidisha fangasi. Acha kabisa! Nitakupa dawa yake, na ukioga ujikaushe vizuri."

Sauti ya nesi yule ingesikika hadi kule kijijini Mkuyuni. Pazia likatikisika.

"Mama," Perpetua akaita kwa upole wote wa mkwe mwema, "kumbe chooni kwenyewe ndiko huko?"