Kipande cha Pili cha Jiwe la Barafuni

Mtaani walimwita Mama Chavua, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutafuta ndani ya mawe chavua ya mimea iliyokufa zamani. Safari hii jiwe lilitoka chini ya barafu, kule dunia inakoishia, na lililobaki baada ya vipimo vya awali halikujaa kiganja. Alilipasua vipande viwili. Kimoja kiingie kwenye asidi, iyeyushe jiwe na kuiacha chavua. Cha pili kisiguswe kabisa na asidi, maana mlikuwamo vijigamba vya vijidudu vya baharini, na asidi huvila vyote. Chavua ingetaja umri wa jiwe, vijigamba vingesema kama ni kweli.

Nyumbani mama yake hakuisha kumchokoza. Mtu mzima mwaka mzima anauliza umri wa jiwe. Yeye mama hana hata cheti cha kuzaliwa, na mbona anajijua kuwa mzee?

Asubuhi hiyo mvua ilimchelewesha kidogo. Alipoingia maabara alimkuta fundi, mtu mwema asiyejua kukaa bure, anasuuza vyombo huku akipiga mluzi. Meza ilikuwa tupu.

"Kipande cha pili kiko wapi, kaka?"

"Nimevitia vyote viwili kwenye asidi, dada. Nimekupunguzia kazi."

Mama Chavua alikaa. Alitaka kufoka, lakini utamgombezaje mtu anayekutazama akingoja asante? Akamwambia kwa sauti ndogo kwamba vijigamba vimekwenda. Mluzi ukakatika.

Ikabaki hadubini. Aliinama mpaka shingo ikamuuma, na alichokiona kikazidi kumchoma: chavua ya misitu ya kale sana imechanganyika na ya nyasi za juzijuzi tu, kwa hesabu ya mawe. Pengine barafu ilikwangua mwamba mkongwe ikamwaga chavua yake kwenye tope changa. Pengine siyo. Vijigamba ndivyo vingeamua, navyo vilishakuwa povu.

Mkuu wake akaja kusimama mlangoni. Ripoti inangojwa, achague umri mmoja, nani atajua?

"Sichagui. Haujulikani."

"Mwaka mzima, halafu haujulikani?"

Meli iliyolichimba jiwe barafuni hairudi mpaka msimu ujao, na hakuna aliyeahidi kwamba itachimba palepale. Alivuta karatasi, akaandika kwamba umri haujulikani, akakwama kwenye sababu. Nyuma yake fundi alikuwa anafuta chupa iliyokwisha kukauka. Mwishowe aliandika kwamba kipande cha pili kiliingia kwenye asidi. Hakuandika kwa mkono wa nani, na bado hasira haikumtoka.