Fulu wa Boma Lililozama

Nilinunua kayaki kwa sababu zile zile zinazowafanya wanaume wa rika langu waoe mara ya pili: nilikuwa na akiba kidogo, muda mwingi, na hakuna aliyenikataza kwa sauti ya kutosha. Ilikuwa ya plastiki, rangi ya manjano, imetoka katika hoteli moja ya kando ya ziwa karibu na Homa Bay iliyokuwa ikifunga. Mimi naishi Migori, ambako nafundisha fasihi vijana wanaotaka kuwa wahasibu. Likizo ya Agosti ilipofika niliifunga juu ya gari, nikaiteremsha Sindo, ambako nilikuwa nimepanga chumba karibu na ufuo.

Wavuvi waliizunguka. Mmoja akaigonga kwa kidole.

"Omera, ndugu yangu, hii ni beseni ama ni jeneza?"

"Jeneza ya mtu mmoja," mwenzake akamjibu. "Huyu hataki kuzikwa na majirani."

Nilicheka pamoja nao. Nia yangu ilikuwa kumvua mbuta, yule sangara wa ziwani, kutoka kwenye hilo jeneza. Nilikuwa na samaki wa bandia waliopakwa rangi za kung'aa, walioletwa kutoka mbali sana, na wiki ya kwanza niliwavuta majini asubuhi hadi mchana. Nilivua gugumaji. Ndipo wavuvi waliponihurumia wakaniambia jambo ambalo mtoto yeyote wa pale analijua: mbuta mkubwa hataki kitu kilichokufa, sembuse kitu ambacho hakijawahi kuishi. Anataka fulu, samaki mdogo wa urefu wa kidole, aliye hai. Ndoana unaipitisha chini ya pezi la mgongo bila kuugusa uti, ili fulu aendelee kuogelea na kumwita yule atakayemla.

Fulu hai waliuzwa na mama mmoja mjane. Kila asubuhi alikaa ufuoni na jerikeni zilizokatwa shingo, akiyachapa maji kwa kiganja ili samaki wapate hewa. Aliwauzia kwanza wenye kamba ndefu za ndoana mia kadhaa. Mimi nilipewa masalia, ambao walilala chali kabla sijafika kwenye kina. Nilimuuliza anakowatoa. Alinitazama, akaitazama kayaki, akasema, "Mahali pangu," kisha akageukia mteja mwingine.

Basi nikaamua kutafuta mahali pangu pia.

Kusini ya ufuo ule kuna ukuta wa mafunjo, na nyuma ya mafunjo kuna boma lililomezwa na maji miaka ile ziwa lilipopanda. Mashua za mbao haziingii, kwa sababu visiki na ua wa minyaa umelala chini ya maji na unaweza kuzichana. Kayaki hupita juu ya maji yasiyofika goti. Nilipenya kutoka upande wa ziwa saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapanda, na mafunjo yakafunga nyuma yangu. Mara moja sikusikia tena injini wala watu. Maji ambayo nje yalikuwa na tope, humu yalikuwa meusi na maangavu kama strungi, chai isiyotiwa maziwa.

Nyumba ilikuwa imesimama, maji yakifika katikati ya madirisha. Fremu ya mlango ilikuwa tupu. Nilichungulia dirishani nikaona mbao za kochi zikielea sebuleni, zikizunguka polepole, ingawa hapakuwa na upepo. Nilizitazama zikimaliza mzunguko mmoja mzima. Kisha nikasogea upande, na hapo, mkono wangu wa kulia, chini ya maji ya kifuani, nikaona saruji ya mstatili iliyopasuka kichwani. Nikajiambia: bafu.

Kasia langu liliigonga kwa bahati mbaya. Kutoka kwenye ufa walitoka fulu.

Kila samaki mdogo ninayemjua hukimbia akisikia kishindo. Hawa walikuja. Walipanda mmoja baada ya mwingine, weusi, macho yenye wekundu, wakasimama chini ya kayaki wote wakiwa wamenielekea. Walikuwa kama darasa, ila wanafunzi wangu hawajawahi kunitazama hivyo. Niliwachota kwa kichujio cha jikoni, nikawatia kwenye jerikeni, nao hawakupigana.

Siku tatu nilifanya vivyo hivyo. Niligonga saruji mara tatu, nikasubiri, nikachota. Fulu wale walikaa hai hadi mchana kwenye ndoana, na nilipata mbuta wawili ambao ufuo mzima uliwaona. Nilianza kutembea kwa namna fulani, kifua mbele. Nilimweleza mvuvi aliyeanza kazi hiyo kabla sijamaliza shule ya msingi jinsi ya kushika chambo.

Siku ya nne nilifika, nikaweka kasia magotini ili nifunge kofia, na kabla sijagonga nikasikia kitu kikigongwa mara tatu.

Nilijiambia ni mlango. Nyumba ile haikuwa na mlango. Nikajiambia ni dirisha. Fulu walikuwa wameshapanda, wamenielekea. Niliwachota haraka kuliko kawaida, na nilipokuwa natoka kwenye mafunjo nikagundua kwamba naimba wimbo wa kanisani, mimi ambaye mara ya mwisho kuingia kanisani nilikuwa nimebeba jeneza.

Yule mama alikuwa ufuoni nilipotua. Alikuja mwenyewe, akainama juu ya jerikeni yangu.

"Mwalimu, hawa umetoa wapi?"

"Huko nyuma ya mafunjo."

"Kwa boma yangu."

Nikaanza kueleza, kama tunavyofanya sisi tuliosoma, kwamba maji ni ya umma na kwamba samaki hana hati ya kumiliki ardhi. Alinisubiri nimalize.

"Uliingilia wapi?"

"Upande wa ziwa."

"Nyuma ya nyumba. Kama mwizi wa kuku." Hakusema kwa hasira. "Mimi nafikaga langoni tu, maji ya kiuno, na hata hapo napiga hodi kwanza. Sasa wewe, ndani ya boma, unawatoa wapi?"

"Kwa ile sakafu ya bafu. Naigonga kidogo, wanatoka."

Mvuvi aliyekuwa akiunga kamba karibu yetu aliacha kuunga kamba.

Mjaluo yeyote anajua mwenye boma anazikwa wapi: ukisimama mlangoni pa nyumba ukatazama lango, yuko kuliani kwako. Kwa hiyo mgeni anayeingia langoni kwa adabu humkuta mkono wake wa kushoto. Nimemzika baba yangu hivyo, na wajomba wawili. Macho yangu yamezoea kumtafuta marehemu kushoto, na nikimwona hapo miguu yangu humzunguka yenyewe. Lakini nilikuwa nimeingilia nyuma, mahali ambapo hakuna mgeni aliyewahi kuingilia, na kutoka nyuma alikuwa mkono wa kulia. Digrii mbili, na nilikuwa nimemgongea mzee wa watu kichwani kwa kasia siku tatu, nikimwita bafu.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Sikujua."

"Si ndio maana nakuambia." Akaketi juu ya ukingo wa kayaki yangu. "Sasa nisikize."

Mumewe alikuwa amekufa kabla ya maji kuja. Tangu maji yaje, mama alikuwa anaishi chumba cha kupanga. Sasa ukoo ulikuwa umempa kipande cha ardhi mlimani ajenge, na Jumamosi mwanawe mkubwa angekuja na jogoo na shoka ili nguzo ya kwanza isimikwe. Lakini kaka mkubwa wa marehemu alikuwa ameweka sharti moja. Nguzo haitasimama kabla udongo wa kaburi haujafika, kwa sababu mke hawezi kumwacha mume chini ya maji akajenga kana kwamba hakuwahi kuwa naye. Udongo ukikosekana Jumamosi, ardhi ingepewa mpwa mmoja wa ukoo ambaye tayari alikuwa na mabati ya kuezekea. Mama angebaki kwenye chumba cha kupanga, na wanawe wasingekuwa na boma la kujenga wala la kuzikwa.

"Nimejaribu," akasema. "Kupita lango, maji inafika hapa." Akagusa shingo. "Na hawa wote nimewaomba."

Mvuvi wa kamba alitazama kamba yake. "Mama, mimi navua samaki," akasema. "Sivui watu."

"Basi utaenda wewe, mwalimu. Wewe mzee amekuzoea. Siku tatu si umekuwa ukimgongea?"

Ijumaa saa nne nilienda. Safari hii aliniongoza yeye, akitembea majini mbele yangu hadi kwenye nguzo mbili za lango zilizochomoza kama vidole. Alisimama maji yakimfika kiunoni akapaza sauti, "Hodi!" Alingoja. Mimi pia niligundua kwamba nangoja. Juu ya paa wadudu wa ziwa walikuwa wameinuka kama moshi, wima, bila kuyumba, na chini yao mabati hayakutoa sauti yoyote.

"Ingia," akaniambia.

Kutoka langoni boma lilikuwa jingine kabisa. Lilikuwa nyumba ya mtu. Nilimwona mahali pake, kushoto, na kasia likataka kumzunguka lenyewe. Nilifunga kayaki kwenye fremu ya dirisha, nikateremka. Maji yalinifika kifuani. Sikugonga kitu, lakini fulu walitoka hata hivyo, wengi kuliko siku zote, wakasimama kati yangu na ufa. Nilipoingiza mkono walipisha kidogo tu, kama watu kwenye matanga wanaompisha jamaa aliyechelewa.

Ndani ya ufa maji yalikuwa ya baridi sana, kana kwamba jua halikuwahi kufika ziwa lile. Niliushika udongo. Nilipoutoa, ulikuwa wingu jekundu lililopita katikati ya vidole vyangu, na kiganja kikabaki kitupu. Nikarudia mara ya pili, ya tatu. Kila mara udongo ulikubali kushikwa na ukakataa kutoka. Nikajikumbusha kwamba chini pote kulikuwa na tope jeusi la ziwa ambalo lingejaa kiganja bila taabu, na kwamba hakuna ambaye angejua. Bado naona aibu jinsi wazo hilo lilivyokuja kwa urahisi.

Mwishoni nilirudi kwenye kayaki nikachukua mkebe wa mafuta ya kupikia alionipa mama, wenye kifuniko. Niliuingiza mzima ndani ya ufa, mkono ukiwa umezama hadi begani, shavu langu likiwa limelala juu ya maji. Niliujaza huko huko gizani kwa vidole, nikaufunga huko huko. Kifuniko kilipobana, nilisikia saruji ikigongwa mara tatu, karibu kabisa na sikio langu. Mkono mmoja ulikuwa kwenye mkebe. Mwingine ulikuwa umeshika fremu ya dirisha. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na bado nina mikono miwili tu.

Nilimpa mama mkebe. Aliufunga kwenye leso bila kuufungua, akaubeba kichwani hadi nchi kavu, na hadi Jumamosi hakuna aliyeona ndani yake.

Mlimani tulikuwa watu kama ishirini. Mwana mkubwa alikuwa na shoka, jogoo alikuwa amefungwa miguu, na yule kaka mkubwa, mzee mrefu asiyetabasamu, alikuwa amechimba shimo dogo upande wa nyumba itakayojengwa. Alipokea mkebe kwa mikono miwili, akaufungua. Alitazama ndani muda mrefu.

"Nani alitoa hii?"

"Ni mimi, jaduong'," nikasema, kama anavyoitwa mzee kwetu.

Alininyooshea mkebe. Udongo ulikuwa mwekundu, mzito, na sehemu yake moja ilikuwa ikipumua. Kichwa kidogo kilichomoza, chenye macho madogo mno, kikafungua mdomo kwa hewa. Kamongo mchanga, yule samaki wa matopeni, hakuzidi urefu wa kidole changu. Kamongo ana mapafu. Huweza kukaa kwenye udongo uliokauka mwaka mzima akiingojea mvua; hilo nimelisoma, na nililisema kwa sauti, nikaona hakuna aliyekuwa akihitaji kuelezwa.

Mama alikuwa ameshika mikono yake tumboni. Mpwa mwenye mabati alisogea karibu. "Hiyo si udongo peke yake," akasema. "Hiyo imechanganyika."

Mzee hakumgeukia. Alimtazama shemeji yake.

"Imetoka kwake?"

"Imetoka kwake," mama akasema.

"Basi sisi ni nani wa kuchagua." Akaumimina mkebe wote shimoni, akafunika kwa jembe, taratibu, bila kushindilia. Kisha akamwashiria mwana mkubwa, naye akaanza kuchimba shimo la nguzo.

Watu walihamia huko. Nilitaka kuwafuata, lakini mama alinishika kiwiko.

"Wewe ndiye ulimleta," akaniambia kwa sauti ya chini. "Kaa na yeye mpaka atulie."

Nikabaki. Nguzo ilisimamishwa, jogoo akawika mikononi mwa mtu, mama akapiga vigelegele mara moja kwa sauti iliyokauka, na watu wakaenda kula. Niliutazama udongo ule ukiinuka kidogo na kushuka. Waliniletea sahani nikala nikiwa nimesimama. Jua lilifika utosini, likapita, na udongo ulikuwa bado ukiinuka na kushuka.