Maji Aliyoyapima Manase

Watu husema mdomo huponza kichwa. Manase hakuponzwa na mdomo, aliponzwa na adabu. Nasema hivyo nikiwa jirani yake hapa Magarama, mtaa wa Gitega, na bado nampenda.

Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Amani iliporudi kwetu, wazazi wake walirejea Muyinga kulima, yeye akapata kazi hapa Gitega ya kupima maji ya mto ambayo mji ulitaka kuyavuta kwa mabomba. Kila mwezi alikwenda bondeni na chupa zake. Lakini mtu mwenye malezi havamii watu kama mwizi, kwa hiyo alitanguliza neno kwa Jovina, mkulima wa kulekule, kwamba anakuja.

Na kule mgeni hapokelewi kwenye uchafu. Siku zote waliloweka mihogo mtoni na kunywesha ng'ombe papo hapo. Wakisikia Manase yuko njiani, mihogo inaopolewa, ng'ombe wanahamishwa, kingo zinafagiwa. Basi vipimo vikasema mto ni safi, na dawa ya maji ikatiwa kiduchu tu.

Bomba lilipofunguliwa mtaani, Manase akamleta mama yake, Letisia, aliyekuwa amechoka kuteka maji bondeni Muyinga. Bibi yule alikaa karibu na bomba akitutambia kwamba maji haya kayapima mwanawe. Tulimtania, tukachota.

Mvua zilipoanza, watu wakaanza kuhara. Letisia akalazwa hospitali. Manase akaenda bondeni bila kumwambia mtu, akakuta mihogo imejaa mtoni, povu na samadi juu yake. Jovina aliona haya kweli.

"Mbona umekuja bila kutuambia, mwanangu? Leo maji iko muchafu. Ungetuma neno, tungeondosha mihogo na ng'ombe, sawa siku zote."

Manase alirudi akawaeleza wakubwa wake kila kitu, na bomba likafungwa siku hiyohiyo. Kwa hilo namsifu, ingawa inaniuma kwamba alichelewa. Kisha akaenda hospitali na maji ya kuchemsha. Mama yake alionja, akasukuma kikombe.

"Haya ya wapi? Nipe yale ya bomba. Si uliyapima mwenyewe?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Manase akamrudishia kikombe kilekile.

"Ndiyo haya, mama."

Letisia akanywa yote, akamshukuru. Kesho yake tulimsindikiza Manase hadi Muyinga kumzika mama yake.