Haja Iliyokuwa Nyuma ya Karatasi

Mimi ni mwandishi mzuri wa barua. Nasema hivyo bila haya, ingawa barua ninayotaka kuieleza hapa ndiyo iliyomharibia mwenzangu safari yake.

Nilisoma hadi sekondari Unguja kabla familia yetu haijahamia Jeddah. Shuleni walinifundisha herufi na hesabu. Baba yangu alinifundisha barua. Barua huanza kwa salamu, ikafuata dua, zikafuata sifa za anayeandikiwa na za wazee wake, kisha hali ya afya ya kila mtu nyumbani. Haja huja mwisho, kwa sauti ya chini. Kwa baba, kuanza na haja kulikuwa sawa na kuingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Kwa mtindo huo niliwaandikia watu wengi pale Bani Malik, mtaa wetu wa Jeddah. Wanawake wa Kenya walipoanza kuletwa kwa wingi kufanya kazi za nyumbani, mmoja aliyefanya kazi mtaa wa Rawdah alikuja kwetu. Alikuwa amefiwa na dada yake, na madam wake, yaani mwajiri wake, hataki kumpa ruhusa ya kwenda kwao. Nikamwandikia madam kurasa mbili za Kiarabu. Yule mfanyakazi alikaa karibu nami, nikimsomea na kumfasiria.

"Mzee," akaniambia, "mbona nyanya ya madam ameingia kwa barua na mimi bado?"

"Unakuja."

"Saa ngapi sasa? Si useme tu nataka kuenda nyumbani?"

Madam aliposoma sifa za bibi yake, alilia. Wiki ile ile akatoa ruhusa. Mke wangu, ambaye alikuwa akituletea chai, hakuvutiwa hata hivyo. "Barua zako zina ukumbi mrefu, mume wangu," alisema. "Iko siku mtu atachoka hajafika chumbani." Nilicheka. Nilikwisha kuamini kwamba hakuna mlango unaoweza kunishinda.

Wakati huo kazi yangu ilikuwa Riyadh, mtunza ghala eneo la Sulay, na Jeddah nilirudi mara moja kwa mwezi. Ghalani nilizoeana na Mhindi mmoja, dereva wa foklifti. Yeye aliniita Haji, mimi nilimwita Bhai. Tulizungumza Kiarabu cha kazini, chenye maneno machache yanayofanya kazi nyingi. Kila wakati wa chai, tumekaa juu ya mbao za mizigo, Bhai alinisimulia habari za mtu mmoja tu: mwanasiasa wa wilaya yake.

Maisha ya yule bwana niliyajua kuliko ya ndugu zangu. Alianza kama karani wa vifurushi katika stesheni ya treni. Mchukuzi mmoja alipoangukiwa na mzigo akafa, na familia yake ikaachwa hivi hivi, karani aliwagomesha wenzake, akafukuzwa kazi. Hakwenda mbali. Alifungua kibanda cha chai nje ya stesheni ile ile, na pale pale akaanza siasa. Uchaguzi wa kwanza alishindwa. Wa pili akashindwa, na asubuhi iliyofuata akafungua kibanda na kuwamiminia chai watu waliomnyima kura. Bhai alilipenda sana tukio hilo. Kila akilisimulia, chai ile ilizidi kuwa na maziwa. Uchaguzi wa tatu akashinda. Akajenga daraja, akagombana na wakubwa wake, akahama chama, akahama tena, na mwishowe akawa waziri.

"Amehama vyama vingapi?" nilimchokoza.

"Viwili tu, Haji."

"Mimi nimehama nchi moja na bado watu wananisema."

"Wewe hukujenga daraja," akajibu, akarudi kwenye foklifti yake.

Lakini kisa alichokithamini kuliko vyote kilimhusu mama yake mwenyewe. Katika kampeni ile ya pili, mgombea alipita kijijini kwao na njaa, na mama yake Bhai akampakulia wali na samaki juu ya jani la mgomba. Alikula, akaomba tena.

Sasa mama huyo alikuwa akipoteza macho. Daktari wa kwao alisema huenda yakaona hadi mwisho wa mwaka tu. Bhai alikuwa hajaenda nyumbani miaka minane. Ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ilikuwa imekwisha muda, na kafili wake, mdhamini wake kisheria, ambaye si bosi wetu wa ghala, alikuwa amehamia mji mwingine na hapokei simu. Bila idhini ya kafili mtu hawezi kutoka. "Nataka mama anione," aliniambia. "Mimi nitamwona wakati wowote. Yeye ndiye aliyebakiwa na muda mfupi."

Ikaja habari kwamba waziri yule yule atafika Riyadh kusikiliza wafanyakazi wa nchi yake. Tangazo lilikuwa wazi: kila mwenye shida alete karatasi moja, upande mmoja, yenye jina, namba ya pasi na shida yake. Bhai aliniomba nimwandikie kwa Kiingereza. Hakutaka kuwaomba Wahindi wenzake, kwa kuwa alikwisha kujigamba kwao kwamba waziri ni mtu wa nyumbani.

Nililisoma tangazo. Nikaona limeandikwa kwa ajili ya watu wasiojua kuandika. Nilianza na salamu, nikaingia stesheni, nikapita kwenye mgomo, kibanda, daraja, nikamalizia ukurasa kwa wali na samaki wa mama. Nathubutu kusema ulikuwa ukurasa bora kuliko wote niliopata kuandika. Kisha nikageuza karatasi, na nyuma yake nikaandika habari za macho, ikama na kafili.

"Imeenea upande wa pili," Bhai akasema.

"Mtu akianza kusoma hii, ataachia njiani?"

Siku yenyewe nilimsindikiza. Ukumbi ulijaa. Katibu wa waziri, kijana mwenye miwani, alikusanya karatasi na kuziwekea namba. Watu wakaitwa mmoja mmoja, dakika moja kila mtu. Aliyekuwa mbele yetu alikuwa na mistari mitatu. Waziri akasoma, akauliza swali moja, katibu akaandika, halas, kwisha.

Tukafika sisi. Waziri alianza kusoma amesimama, akaketi. Akatabasamu. Alipofika kwenye wali akacheka, akausomea ukumbi sehemu ile, watu wakapiga makofi. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhania, na macho yake yalikuwa yamelowa. Akamshika Bhai mkono, akamuuliza neno kwa lugha yao. Bhai akanigeukia.

"Anauliza mama hajambo."

Hapo ndipo nilipokosa. Sikulelewa kumjibu mtu salamu kwa shida. Kwetu, hata mgonjwa wa kitandani husema hajambo kwanza, ugonjwa ukafuata baadaye. Nikamnong'oneza, "Sema hajambo. Mengine yameandikwa."

Bhai akasema mama hajambo. Waziri akafurahi, wakapigwa picha, katibu akaichukua barua. Badala ya kuiweka kwenye rundo la shida, aliiweka kando, pamoja na shada la maua. Niliona kwa macho yangu. Ningeweza kusema, "Bwana, geuza karatasi." Niliona haya kuomba baada ya makofi, nikanyamaza.

Yule wa mistari mitatu aliondoka mwezi uliofuata. Bhai alingoja, na kwa muda mrefu mimi nilimwambia serikali zina taratibu zake. Mwishowe alipeleka ubalozini kwao karatasi nyingine aliyoandikiwa na mwenzake wa kambi ya wafanyakazi, mistari minne, na hiyo ikafanya kazi. Lakini mwaka ulikwisha kugeuka. Alipofika kwao, mama alimtambua kwa kumpapasa uso.

Nilikaa na jambo lile miezi kadhaa. Mke wangu hakunilaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Mchana mmoja, nikiwa nyumbani Bani Malik, nilimpigia Bhai simu. Alipopokea tu nikasema, "Kosa lilikuwa langu. Niliandika haja yako nyuma ya karatasi, na nikakuzuia kuisema. Nilijua imewekwa kwenye maua. Nilinyamaza."

Upande wa pili kulikuwa na kuku na sauti ya redio.

"Haji," akasema, "leo hukunisalimia."

"Leo hapana."

"Maua niliyaona na mimi," akasema. "Nilidhani wewe unajua unachofanya." Hakusema amenisamehe, nami sikumuomba aseme. Kisha akaniambia mama yuko hapo karibu, anauliza ni nani.

"Mwambie ni yule aliyeandika barua," nikasema. "Na umuulize hali yake. Nataka jibu la kweli."

Akauliza. Mama akajibu kwa muda mrefu, na Bhai akanifasiria yote, neno kwa neno, kuanzia macho.