Mkwe Wangu Huacha Foleni Akiniona Nimeshika Upawa

Msimamizi wa ukurasa, nakuomba ulifiche jina langu na mahali tunapopikia. Tunduma si kubwa kama watu wanavyodhani, na ninaowaandika wanasoma humu.

Nina umri wa miaka sabini na mmoja. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Ileje, na ni mgane. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Kila Jumanne na Alhamisi, pamoja na akina mama wawili wa kanisani, ninapika makande na kuwagawia wenye njaa bure: wapakiaji waliokosa mzigo, wazee wasio na mtu, wasafiri waliokwama mpakani. Upawa ninaushika mimi, kwa sababu mgongo wa Mama Atupele hauinami tena, na mwenzake hawezi kuwatuliza watu wanaosukumana. Nimechoka, ndugu zangu. Magoti yananiuma hadi Jumatano jioni, na kesho yake ni Alhamisi.

Tuna sheria moja, na niliitunga mimi: kila mtu hupanga foleni mwenyewe na kula papo hapo. Hakuna kumchukulia mwingine. Niliitunga baada ya kuyakuta makande yetu yanauzwa stendi.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja, nitamwita Mama Gift, akiwa na makopo mawili.

“Shikamoo, Mwalimu. Hili langu, na hili la jirani yangu.”

“Marahaba. Jirani yako ni mgonjwa?”

“Hapana, mzima.”

“Basi na aje.”

“Hawezi kuja hapa, Mwalimu.”

“Mzima, ana miguu, na hawezi kuja? Songa, mama, watu wanasubiri.”

Kijana mmoja mpakiaji akacheka. “Mama, unajisumbua. Huyo hajawahi kumwongezea mtu hata nusu alama!”

Alikuja na kopo la pili mara tatu, na mara tatu nikamrudisha nalo tupu.

Alhamisi iliyofuata niliinua kichwa nikamwona kwenye foleni, mtu wa nne kutoka kwangu, mke wa mwanangu wa mwisho. Alikuwa amemshika mkono mjukuu wangu. Naye aliniona wakati huohuo. Akavuta khanga usoni, akageuka, akaondoka na mtoto bila kula.

Wasioijua desturi yetu wanisamehe nieleze. Kwetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkononi, wala hawali mahali pamoja. Hiyo si chuki, ni heshima. Nami, kwa mazoea hayohayo, niliuacha upawa ndani ya sufuria nikaenda kusimama nyuma ya magunia, nikitumaini kwamba akiona sipo atarudi.

“Mwalimu!” Mama Atupele akapaza sauti. “Umemwona nani huko, mkaguzi wa shule?”

Watu wakacheka. Mkwe wangu hakurudi.

Baada ya kugawa nililikumbuka lile kopo la pili, nikamwita Mama Gift pembeni nikamuuliza kama anamfahamu mkwe wangu.

“Ndiye niliyekuwa namchukulia, Mwalimu. Mwanao alivuka Zambia na lori tangu kabla ya mavuno, na simu yake haipatikani. Mwenzangu anafulia watu nguo. Siku nyingine kazi ipo, siku nyingine hakuna.”

“Mbona hamkuniambia?”

“Angekuambiaje, baba, na mama hayupo?”

Mke wangu ndiye aliyekuwa njia kati yetu. Homa ya mtoto, upungufu wa chumvi, ugomvi wa mume na mke, yote yalipita kwake ndipo yakanifikia mimi. Tulipomzika sikujiuliza ni nani atakayeishika kazi hiyo. Nilijiambia kwamba mwanangu yupo nyumbani kwake. Kwa miaka mingi nimeita mahudhurio ya watoto wa watu kila asubuhi, lakini wa kwangu sikumuulizia.

Jumanne nililijaza kopo kwa mkono wangu, mbele ya watu wote, nikampa Mama Gift ampelekee. Wapakiaji walinung’unika, nami nikaendelea kugawa. Kabla hatujamaliza kuosha masufuria, kopo lilirudi limejaa vilevile.

“Amesema asante sana,” Mama Gift akaniambia. “Amesema sheria ni ya wote. Siku utakayoacha kugawa, atakuja kupanga foleni kama wengine.”

Unga niliotuma kutoka nyumbani kwangu ulirudi pia, kwa maneno ya adabu kama hayo. Hataki isemwe kwamba alimpelekea mkwe wake njaa yake. Najua hanikomoi. Ndivyo alivyolelewa, na ni mimi niliyemwambia mke wangu siku ile walipomleta kwamba binti huyu amefundwa.

Nilipomdokeza Mama Atupele kwamba huenda nikaacha, alikaa chini juu ya ndoo. “Ukiondoka wewe, baba, tunafunga. Mimi siwezi, na unajua siwezi.” Kwa hiyo nikibaki, mkwe wangu na mjukuu wangu hawali. Nikiondoka, huenda wakaja wakakuta mafiga ya baridi, wao na wale wengine wote.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu yeyote. Niliposikia kwamba atakuja siku nitakayoacha, kabla sijamhurumia yeye wala mtoto, nilifurahi. Nilifurahi kwamba nimepata sababu ya kupumzika. Tangu hapo siyaamini mawazo yangu mwenyewe, na ndiyo maana nayaleta kwenu.

Nyinyi mnaotoka katika familia zenye desturi kama yetu, ni nani huzungumza na mkwe baada ya mama wa nyumba kufariki? Niache kugawa, au niende nisimame mlangoni pake, nimtazame usoni kwa mara ya kwanza, nimwombe ale? Nikifanya hivyo, je, nitakuwa nimemsaidia au nimemvunjia heshima, kitu pekee alichobaki nacho? Nishaurini kabla ya Jumanne.