Nia Niliyoiombea Njia Nzima

Admin, naomba usiweke jina langu, na ukiona mahali nimeandika kitu kinachonitambulisha, kifute. Nina miaka ishirini na sita, ni karani wa masjala katika ofisi moja mkoani Singida. Ni Mkatoliki. Nina mchumba, na posa yake imeshapokelewa kwetu. Mama yake anaishi Mungaa na mtoto wa kumzaa anaye huyo mmoja tu. Nilipelekwa kumsalimia mara moja. Nilipompa shikamoo alinishika mikono yote miwili akaniita mwanangu. Mimi na mchumba tulikubaliana tusimwambie rafiki yeyote mpaka matangazo ya ndoa yasomwe kanisani. Mimi ni mwoga wa maneno ya watu, kwa hiyo sikubisha.

Juzi nimetoka hija ya miguu na rafiki yangu wa tangu chuo, nitamwita Sesilia. Waliowahi kwenda wanajua kwamba huendi na nia yako, yaani ombi lako, peke yake. Wasioweza kutembea wanakubebesha za kwao, huyu ana mgonjwa, yule mume mlevi, nawe unazifikisha. Nia ya kubebeshwa inaombewa bila kumtaja mtu, na ukirudi huisimulii. Sesilia alikuwa na moja aliyoitoa kwenye kila rozari: dada mmoja anayekaribia kujifungua, Mungu amvushe salama. Vumbi likamkausha koo. Akaninong'oneza, "Mwenzangu, nisaidie hii, sauti imeniishia." Basi kuanzia hapo nikawa naitaja mimi, kwa nguvu, ili hata walio nyuma wasikie, na kundi lote linaitikia. Niliiombea kuliko nia yangu. Yangu ilikuwa ndoa yangu.

Wakati wa kurudi gari lilitushusha Singida mjini, na hakuna kati yetu aliyeweza kuendelea na safari siku ile. Tukaenda kwa Zaina, tuliyesoma naye pia, amepanga chumba pale mjini. Zaina ni Mwislamu, mambo yetu ya hija hayajui, lakini alitupokea kama watoto wake. Alitukalisha uani, akatuwekea beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, tukatumbukiza miguu yenye malengelenge, yeye akaendelea kukaanga kuku.

"Mnatembea kama bata waliofungwa kamba," alisema. "Haya, huko mliomba nini?"

"Hazisemwi," Sesilia akamjibu.

"Hata moja? Mimi niliyewachemshia maji?"

Sesilia alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba. Nadhani ni uchovu tu. Angekuwa mzima asingesema.

"Mimi nilikuwa punda wa mama mmoja jirani yetu kule Mungaa, anakaa nyuma ya mashine ya kusaga. Nilipokwenda kuwaaga nyumbani akanivuta pembeni, akaniambia: Mke wa mwanangu yuko Igunga, anakaribia kujifungua, kaniombee. Alilia mpaka nikaona haya. Halafu anasema, na Mungu amtulize huyo binti, asije akatuletea maneno mwaka huu."

"Maneno gani tena?" Zaina akauliza.

"Sikuuliza. Mtu mzima analia, utamuuliza nini?"

Ile mashine ya kusaga naijua. Siku nilipopelekwa kusalimia tulishukia pale. Nilisikia maji ya beseni yamekuwa ya baridi ghafla. Nikauliza, taratibu kadiri nilivyoweza, "Huyo mama ana watoto wangapi?"

Sesilia akafungua jicho moja. "Si yule kaka mmoja tu, anafanya kazi Mkiwa. Kwani unawafahamu?"

"Hapana."

"Karani huyo," Zaina akasema, "anataka kumfungulia faili." Wakacheka, na mimi nikacheka. Kuku alipoiva nilikula kama wenzangu. Siwezi kuwaambia alikuwa na ladha gani.

Mchumba wangu anafanya kazi Mkiwa. Igunga anakwenda kila mwezi, kikazi.

Tangu nirudi sijamuuliza kitu. Najiambia kwamba kwetu huku mtoto wa dada yako ni mwanao na mkewe ni mkweo, hivyo huenda mama alimsema mpwa wake, na mimi nitakuwa nimemvunjia heshima mzee wa watu kwa neno moja. Nikishatulia hivyo, nalikumbuka lile la maneno mwaka huu, mwaka wa ndoa yetu, na usingizi unakwisha. Nikimuuliza mchumba, atataka kujua nimesikia wapi. Atampigia mama yake, na mama atajua Sesilia ametoboa nia aliyobebeshwa. Kule kwao hakuna atakayemtuma tena, na hata mimi sidhani kama atanisamehe. Yeye mpaka sasa hajui alichokisema wala alikuwa anamwambia nani.

Hata hasira nimeikosa. Nimechoka tu. Huyo binti wa Igunga sijawahi kumwona, na nilimwombea kwa moyo wote mtoto wake azaliwe salama. Sitaki kuirudisha sala ile. Ila nataka kujua niliitikiwa amina kwa ajili ya nani.

Jana mchumba amenipigia kwa furaha, Jumamosi tunatakiwa kwa paroko kabla matangazo hayajaanza. Waliooa kanisani wanajua mahojiano yale. Paroko humwita kila mmoja peke yake, anamwapisha, kisha anamuuliza kama kuna jambo lolote analolijua linaloweza kuizuia ndoa hii. Nikisema sijui, nitakuwa nimeapa. Nikisema najua, sina hakika na ninachokijua, na nitakuwa nimemchoma rafiki yangu.

Dada zangu na kaka zangu, wazazi mliomo humu shikamooni. Msinitukane, nishaurini. Jumamosi nikiulizwa, nijibu nini?