Gurudumu la Osée

Symphorien Mbuyi wa Kamalondo anajulikana kwa vitu viwili: pikipiki yake ndogo, aliyorithi kwa baba yake mfanyakazi wa reli, na viatu vyake, ambavyo havimalizi msimu wa mvua. Kimoja ndicho kinachokimaliza kingine. Pikipiki haina breki, na Symphorien husimama kwa soli. Akikaribia kona ya baa hushusha miguu yote miwili na kuikwaruza barabara mpaka pikipiki ikubali. Siku moja ilikataa, akasimamishwa na ukuta wa baa. Tangu hapo mwenye baa humwita mteja, ingawa Symphorien hanywi.

Mimi ni fundi cherehani. Meza yangu iko mkabala na mlango wake, kwa hiyo yote haya nimeyaona bila kulipa kiingilio. Symphorien ni mtu mwema. Nalisema hilo mapema, maana baadaye nitasahau.

Mke wake, Angélique Kapinga, huuza samaki wakavu kule soko la Naviundu. Kila jioni alikuwa akirudi kwa miguu, beseni kichwani, na mumewe akimfuata polepole na pikipiki tupu, akimbembeleza apande. Mtaa mzima uliyazoea maandamano hayo. Mama Angélique ni binti wa mwalimu aliyehamia huku kutoka Kasai, na anaamini karatasi yenye muhuri kuliko mdomo wa mwanamume yeyote. Jioni moja, mbele ya meza yangu, alichoka kubembelezwa.

"Papa Symphorien, siku pikipiki yako itapita ku contrôle technique, nitapanda. Mbele ya ile siku, hapana. Mi niko na batoto ya kulea."

"Njo neno yako ile?"

"Njo neno yangu."

Maskini Symphorien. Mtu mzima, mvi kichwani, na alichotamani duniani ni kimoja tu: mke wake akae nyuma yake, amshike kiuno, wapite barabara kubwa watu wakiona. Mtu mwingine angetengeneza breki. Symphorien alikwenda kuazima.

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Pikipiki kuukuu za Kamalondo haziendi contrôle technique, ule ukaguzi wa serikali, kama zilivyo. Huvalishwa kwanza, kama bibi harusi. Huyu anatoa honi, yule anatoa kioo. Kuna taa moja ya mbele hapa mtaani ambayo imekaguliwa mara nyingi kuliko pikipiki yoyote ya mji huu, na haijawahi kushindwa. Osée, muuza mkaa, ana pikipiki ya aina ileile ya Symphorien, ila yake ni nzima. Gurudumu lake la mbele, na breki iliyomo ndani yake, huazimwa na kila mwenye shida. Sharti lake ni kwamba lifunguliwe palepale nje ya lango la kituo cha ukaguzi, kwa sababu daima kuna mwingine anayelisubiri. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini wazee hawakupelekwa ukaguzi.

Kwangu Symphorien aliazima kioo kidogo, kile ambacho wateja hutazamia kola. Nilikifuata mwenyewe mpaka kituoni, maana nawajua majirani zangu. Osée naye alikuja, spana mfukoni, akaketi nje ya lango juu ya gurudumu bovu la Symphorien.

Mkaguzi, chef Michée, ana suruali iliyopigwa pasi vizuri sana, na suruali hiyo ndiyo inayoamua mambo mengi pale. Breki ya nyuma iko chini. Kuiangalia lazima uchuchumae, na chef hachuchumai. Mbele yetu aliikataa pikipiki mpya kabisa kwa sababu ilikosa kioo cha kushoto. Ilikuwa na breki mbili, zote zinashika. Ilipofika zamu ya Symphorien, chef aliibana breki ya mbele, akasukuma, na gurudumu la Osée likagoma inavyotakiwa. Akawasha taa.

"Hii phare tunajuana," alisema, akaigonga kwa kidole, kwa upendo. Kisha akajitazama kwenye kioo changu, akalainisha masharubu, akapiga muhuri.

Symphorien alitoka nje ameinua karatasi juu. Osée hakupoteza muda kumpongeza. Aliilaza pikipiki kando ya lango akaanza kufungua nati. Mimi nikachukua kioo changu. Gurudumu zima lilitoka, bovu likarudi mahali pake, na taa ikaondoka pia, maana Osée alikuwa ametumwa na mwenye taa.

Hapo ndipo Mama Angélique alipotokea. Asubuhi, kwa furaha yake ya kijinga, mumewe alikuwa amemwambia apite kituoni akitoka sokoni, ili apande palepale, mbele ya serikali. Naye alikuja amevaa kitenge nilichomshonea kwa ajili ya Pasaka. Viatu vya kanisani alikuwa amevivaa tayari, na vumbi lote lile. Alikuwa amekuja kupanda kweli.

Aliliangalia gurudumu mikononi mwa Osée. Akaliangalia lile bovu.

"Imepita," Symphorien alisema, akimpa karatasi. "Angalia, Mama. Muhuri njo hii."

Aliisoma yote, mpaka chini. Kisha akamgeukia chef Michée, aliyekuwa amesimama langoni akiona kila kitu.

"Chef, mu karatasi uliandika breki iko bien."

"Ndiyo, Mama. Wakati ya contrôle ilikuwa bien."

"Na sasa?"

"Sasa contrôle ilishaisha."

"Weye unaweza kuipanda?"

Chef aliitazama suruali yake. "Mi niko na gari, Mama."

Mama Angélique hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliikunja karatasi taratibu, akaitia katika mfuko wa shati la mumewe. Akashusha kichwani beseni la samaki waliobaki, akaliweka kwenye kiti, pale nyuma ambapo yeye ndiye angekaa, akalifunga vizuri kwa kitambaa chake cha kichwa. Symphorien alishika usukani kwa mikono miwili, macho chini.

"Mama," alisema, "ulisema utapanda."

"Samaki itapanda," alimjibu, akianza kutembea. "Yenyewe ilishakufa."